Papa Nathan, kabla mbwa hajaingia kwenye parseli, kiwanja cha nyumba yako

Lubumbashi, Kampemba

Papa Nathan ndugu yangu,

Jambo sana. Natumaini wewe, Mama Nathan, Nathan na Divine mko wazima. Ujumbe wako nimeupata: wezi wanaruka kuta huko kwenu, na sasa unataka mbwa mkubwa, rottweiler, au boerboel ukimpata. Unauliza kama mbwa wa namna hiyo anaweza kulelewa pamoja na Divine wa miaka miwili na Nathan wa miaka mitano. Maneno ya simu hupotea, na katika jambo hili watu wazima wote wa nyumba lazima washike mambo yale yale. Isome barua hii na Mama Nathan, kisha msomee na sentineli, mlinzi wenu.

Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Lakini usitegemee moyo mzuri wa mbwa, wala usitegemee utii wa Nathan. Tegemea milango inayofungwa na mtu mzima anayeangalia. Mengine yote nitakayokuandikia yanasaidia, ila bila hayo mawili hayatoshi.

Fikiria kwanza uzito. Dume la rottweiler hufika kilo 50 hadi 60, na boerboel, mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, huweza kupita hapo. Divine ana kilo kumi na kitu. Mbwa huyo akigeuka kwa furaha tu, mtoto yuko chini kwenye saruji. Tena mdomo wa mbwa uko sawa na uso wa mtoto. Ndiyo maana watoto wadogo huumwa zaidi usoni, kichwani na shingoni, wakati mtu mzima huumwa mkono au mguu. Na mara nyingi mbwa anayemuuma mtoto mdogo si mgeni, ni yule anayemjua, wa nyumbani au wa jirani.

Wako watakaokushauri umfunge mnyororo mchana kutwa, umpe pilipili, umnyime chakula, asizoeshwe watu, eti ndiyo awe mkali. Tafadhali usiwasikilize. Mbwa aliye kwenye mnyororo akiogopa hana pa kukimbilia, kinachobaki ni meno, na mtoto wa miaka miwili hajui mnyororo unaishia wapi. Mbwa mwenye njaa atapigania kipande cha bukari (ugali) kilichoanguka toka mkononi mwa Divine. Mbwa asiyezoea watu hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani. Hamu ya kulinda boma huja yenyewe anapokaribia mwaka mmoja na nusu au miwili, huna haja ya kumfundisha. Na umbo lake lile, na sauti ile nyuma ya mlango wa chuma usiku, mwizi zinamtosha.

Sasa ununuzi. Usichukue mbwa wa wiki nne au tano wanaouzwa barabarani ndani ya kikarito, kisanduku cha karatasi. Subiri wiki 8. Katika wiki hizo za mwisho pamoja na ndugu zake ndipo anapojifunza kupima nguvu ya meno: akiuma sana, mwenzake analia na mchezo unakatika. Nenda umwone mama yake. Kama mama hawezi kusogelewa hata mwenyewe akiwa amesimama pale, ondoka bila kulipa, kwa sababu woga na ukali wake watoto wake huurithi na huuiga. Chukua mmoja tu. Wawili wa tumbo moja hushikamana wao kwa wao kuliko na ninyi, na mbwa wawili wakisisimka pamoja ni hatari kubwa zaidi kwa mtoto kuliko mmoja.

Chanjo ya kwanza ni wiki ya 6 hadi ya 8, ile ya parvo (ugonjwa mkali wa kuhara) na magonjwa mengine ya mbwa wachanga, kisha hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hupigwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kama kitabu cha chanjo kitakavyosema. Hapa mjini Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo huwezi kukosa veterineri, daktari wa wanyama, wa kuuliza. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Usione hilo ni jambo la mbwa peke yake. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa udongoni, Divine anachezea mchanga na kutia vidole mdomoni, na viluwiluwi vya minyoo hiyo huweza kufika kwenye ini hata kwenye jicho la mtoto. Mayai hayo huhitaji wiki mbili hivi au zaidi kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Kwa hiyo sentineli akiokota mavi kila asubuhi, hatari hiyo inakatwa mapema.

Mbwa mchanga huzoea dunia kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Dirisha hilo likifungwa, kile ambacho hakukiona humtisha kwa muda mrefu. Ukimleta akiwa na wiki 8 una wiki sita tu mkononi, na hapo chanjo hazijakamilika. Mbebe mikononi, usimweke chini penye mbwa wengine: aone watoto wa shule na nguo zao, pikipiki, mzee mwenye fimbo, mama mwenye mzigo kichwani, watu wanaotoka kanisani wakiimba. Kila kitu kipya kiambatane na kipande kidogo cha nyama. Akitaka kujificha, sogea mbali kidogo, usimlazimishe.

Kabla hajafika, jenga uwanja wake. Mita tatu kwa nne ni kiasi cha chini, waya wenye urefu wa mita 1.8, nguzo zilizoshikwa kwa saruji kwa sababu atachimba. Mita moja ya chini ifunike kwa mbao au bati. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaweka waya mtupu, mtoto anapitisha vidole, na mbwa aliyezingirwa anavifuata. Kitasa kiwe nje, juu ya kifua cha mtu mzima, chenye pini ya kupitisha. Komeo tupu mbwa hulifungua kwa pua akiligonga mara nyingi. Ukiweza, weka milango miwili inayofuatana, ili wa kwanza ufungwe kabla ya wa pili kufunguliwa. Kibanda chake kiinue kwa safu mbili za matofali, maana mvua za kuanzia mwezi wa kumi na moja zitakifurika, na juu ya bati weka majani, la sivyo joto la mwezi wa kumi litamkausha. Mbwa aliyechoshwa na joto hana uvumilivu. Mlangoni mwa jikoni pia weka kizuizi cha mbao kirefu kuliko Nathan.

Utaratibu wa siku uwe hivi. Usiku watoto wakiwa ndani na mlango umefungwa, mbwa ana parseli yote. Asubuhi, kabla mlango wa nyumba haujafunguliwa, sentineli amrudishe uwanjani na aje kusema kwa mdomo kwamba amefunga. Mchana atolewe kwa kamba mara mbili, kutembea na kufundishwa. Watoto na mbwa wakutane tu kwa saa iliyopangwa, mtu mzima akiwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono akawafikia, mikono yake mitupu. Anayefua au anayeangalia simu hahesabiwi. Na dada wa miaka kumi si mtu mzima.

Chagueni lugha moja ya kumwamuru. Kama wewe unasema "assis" kwa Kifaransa, Mama Nathan anasema "kaa" na sentineli ana neno lake, mbwa hatii yeyote. Fundisheni dakika tatu hadi tano, mara tatu kwa siku, zaidi ya hapo anachoka. Amri yenye thamani kuliko zote penye watoto ni ya kwenda mahali pake. Tandika gunia, tupa kipande cha chakula juu yake, akilala mpe kingine. Anza na sekunde tano, kisha kumi, kisha nusu dakika, mpaka akae dakika mbili. Ndipo Nathan apite mita tatu kutoka hapo akitembea polepole, siku nyingine mita mbili. Mbwa akinyanyuka, umeharakisha. Rudi nyuma hatua moja.

Chakula agawiwe mara nne kwa siku akiwa mchanga, mara tatu kuanzia miezi minne, mara mbili baada ya miezi sita. Bukari peke yake haumjengi, changanya na nyama au samaki. Ale uwanjani, mlango umefungwa, mtoto asimsogelee. Wewe mwenyewe pita kila siku karibu na bakuli lake utupie kitu kitamu zaidi ya alichonacho, ili mkono wa mtu ukikaribia ajue unaleta. Akishika kiatu cha Divine, usimnyang'anye, mbadilishie kwa kipande cha nyama. Anayenyang'anywa hujifunza kuficha na kulinda.

Sasa lile ambalo ningependa ulishike kuliko yote: kumsoma mbwa. Kabla ya kuuma, husema mara nyingi. Analamba midomo bila chakula. Anapiga miayo bila usingizi. Anageuza kichwa pembeni, na weupe wa jicho unaonekana kama mwezi mwembamba. Masikio yanalala nyuma. Kisha mwili mzima unakakamaa, mdomo uliokuwa wazi unafungwa ghafla, anaacha kuhema. Huo ukimya wa mwili ni hatari kuliko kelele yoyote. Mkia unaotikisika haukuambii kwamba anafurahi: ukiwa juu, mgumu, unatikisika haraka haraka, ondoa mtoto.

Baada ya hapo hunguruma. Na hapo baba wengi huchukua fimbo. Papa Nathan, usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Ukimpiga, woga au maumivu yaliyomfanya angurume hayaondoki, kinachoondoka ni onyo, na siku nyingine atauma bila kusema kitu. Fanya hivi: mwite kwa sauti ya kawaida, mfungie, kisha tafuta chanzo. Mara nyingi ni maumivu. Mtazame ndani ya masikio kama kuna kupe, kati ya vidole, na chini ya ngozi kama kuna funza wa nzi, maana mbwa anayelala kwenye mchanga wenye unyevu huwapata, na mtoto akigusa uvimbe huo mbwa huruka. Usipoona kitu, veterineri amwone wiki hiyo hiyo, na watoto wakae mbali naye mpaka hapo.

Nathan, kwa miaka yake mitano, anaweza kujifunza kumgusa vizuri. Mbwa ndiye aje kwake, si yeye aende kwa mbwa. Asugue kifua au bega, si juu ya kichwa, ahesabu mpaka tatu, aondoe mkono. Mbwa akisogea tena, anaomba zaidi. Akikaa au akigeuka, basi. Asimkumbatie, asimpande mgongoni, asimbusu, asimwamshe akilala. Mbwa mchanga huuma kwa mchezo mpaka meno yabadilike, kati ya miezi minne na saba, na mtoto anayepiga kelele na kukimbia anamchochea zaidi. Mfundishe kusimama wima, kukunja mikono kifuani na kutazama vidole vyake vya miguu. Fanyeni mazoezi hayo bila mbwa, kama mchezo. Divine hawezi kufundishwa haya bado, kwa hiyo asiwe chini penye mbwa aliye huru hata kidogo.

Watoto wa jirani wakija, mbwa awe amefungwa kabla hawajaingia. Kuwazoea Nathan na Divine hakumaanishi kwamba anawakubali wengine. Watoto wakishikana mieleka na kupiga mayowe, anaweza kudhani wake wanashambuliwa.

Ikitokea mtoto ameumwa au hata kukwaruzwa na meno, na mbwa yeyote yule: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha kituo cha afya siku ile ile. Jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha, mafuta na pilipili mviache. Chanjo ya kichaa cha mbwa ina sindano kadhaa, ya kwanza siku ile, nyingine siku ya 3 na ya 7, na kama daktari atakavyoendelea, msikatize. Mbwa asiuawe akatupwa, afungiwe na atazamwe siku 10, lakini matibabu ya mtoto hayangoji siku hizo. Dalili zikishatokea, ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Ukishapima parseli, niandikie upana wake, mlango wa jikoni unatazama wapi, na sentineli analala upande gani. Nitakuchorea mahali pa kuweka uwanja. Usilipe mbwa kabla ya hapo. Nisalimie Mama Nathan na watoto.

Ndugu yako,
Papa Merveille