Mbuzi wa Bi Sikudhani

Kwako Zuhura mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku Morogoro wazima, Baba Nuru kifua kimetulia. Natumaini nanyi hamjambo na mama mkwe mguu umepona. Nilitaka kukuhadithia harusi ya Tatu, lakini ule ujumbe wako wa sauti wa Jumapili umeninyima usingizi. Harusi itasubiri.

Umesema kamati inapeleka kwenye mkutano wa kijiji majina ya walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini, waliokwisha kuinuka wafutwe, na la kwanza ni la Bi Sikudhani kwa kuwa ana mbuzi. Shoga, mbuzi hao amewapata wapi kama si kwa ruzuku hiyo hiyo?

Wilaya yenu ya Bagamoyo, pamoja na Kibaha na Chamwino, ndiko mpango huu ulikojaribiwa kuanzia 2010. Vijiji vilikuwa 80. Ikapigwa kura ya bahati nasibu, nusu vikalipwa na nusu vikasubiri, ili watafiti walinganishe. Fedha zenyewe kidogo: kaya ilipata kwa shilingi zetu kiasi cha dola 12 hadi 36 kila miezi miwili. Basi waliolipwa walijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wakapata viatu, na watu wakanunua kuku na mbuzi. Mbuzi, Zuhura! Anachoshtakiwa nacho yule mama ndicho watafiti walichokiandika kuwa tunda la mpango.

Na wewe unajua kwake mbuzi ni nini. Mwaka ule Hamisi alipolazwa hakuwa na cha kuuza, akaezua mabati ya jikoni, masika nzima mvua ikanyea kwenye mafiga. Leo mjukuu akiugua atauza beberu mmoja na bati litabaki juu. Mkimfuta, atawauza wote kabla ya kiangazi kwisha, na mwakani mtamwandika tena.

Halafu maneno ya Mzee Kondo, kwamba tangu fedha zije hapati wapaliliaji, watu wamekuwa wavivu. Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu linasemwa kila mahali. Mwaka 2017 mchumi Abhijit Banerjee na wenzake walikusanya majaribio saba ya programu kama hizi katika nchi sita, Mexico, Indonesia, Morocco na nyingine, wakatafuta huo uvivu. Hawakuuona. Kenya nako, kwenye vijiji vinavyopewa fedha bila masharti, watu walipunguza vibarua vya mashamba ya wengine wakaingia kwenye biashara zao. Kazi kwa jumla haikupungua. Ndivyo alivyo Mwanaidi. Ameacha kumpalilia Mzee Kondo, anakaanga mihogo pale stendi tangu alfajiri. Kaacha kazi huyo? Mzee aongeze ujira, atawaona wapaliliaji.

Tena ni Mwanaidi huyo huyo aliyebeba mawe ya lile bwawa kwenye ajira za muda za TASAF, ambazo malipo yake huwekwa makusudi chini ya kibarua cha kawaida ili aende mwenye shida kweli. Alikwenda na mtoto mgongoni. Mimi nilimwona.

Sisemi daftari la walengwa lisiguswe. Yule mwenye mashine ya kusaga sote tunamjua, na uhakiki upo kwa ajili ya watu kama yeye. Nashangaa tu kwamba jina lake sijalisikia kwenye ujumbe wako. Lakini mbuzi watatu, kikongwe, wajukuu wanne... nani kasema hapo umaskini umekwisha?

Sasa nakuomba, wewe ukiwa mjumbe na watu wanakusikiliza: simama mkutanoni useme haya kabla mikono haijanyooshwa. Mkutano ni lini hasa? Nani alipendekeza jina lake, na mwenyewe ameshaambiwa? Hao mbuzi wote ni wake, au wengine anawafuga tu kwa niaba ya watu? Mtendaji mpya yukoje, anasikia la mtu? Ukiona vigumu kusema peke yako, Bi Mwajuma hawezi kusimama nawe? Nije? Nikipata taarifa siku mbili kabla nitapanda basi.

Nijibu upesi, hata kwa ujumbe mfupi.

Rafiki yako,
Mama Nuru