Kwa Akinyi, kabla hujafunga mizigo

Nakuru,
Jumapili jioni

Akinyi wangu,

Barua yako niliipata Alhamisi na nimeshaisoma mara tatu, ya tatu nikimsomea mama jikoni. Nilipofika pale unaposema mwenye nyumba wako wa Lillehammer, kule Norway, ana mbwa mdogo, na kwamba utakuwa ukimtembeza kwenye theluji ili akupunguzie kodi, mama aliacha kuchambua maharagwe. "Huyo mtoto anavuka bahari kwenda kuchunga mbwa?" Nilicheka, lakini sikuwa na haki ya kucheka, maana mimi mwenyewe nilikaa nyumba ya namna hiyo majira mawili ya baridi, nikilipa nusu ya kodi kwa miguu yangu.

Uliniuliza mambo kumi. Nitaanza na mbwa. Hayo mengine ya benki na basi utaelekezwa ukifika, na wanaelekeza vizuri.

Mbwa wa nyumba yetu aliitwa Tuva. Alikuwa wa ile aina ya miguu mifupi na mgongo mrefu kama kiti cha nyuma cha matatu, manyoya magumu kama brashi ya viatu, na ndevu za mzee. Uzito wake kilo tano, yaani pakiti mbili na nusu za unga. Siku ya kwanza nilimdharau. Kwetu mbwa analala nje, anakula ukoko, na kazi yake ni kubweka mtu akigusa geti. Huyu alilala kwenye kochi, na koti lake lilikuwa ghali kuliko langu. Baadaye ndipo nikajua kwamba mababu zake walifugwa kuingia mashimoni kumtoa mnyama, na kwamba Norway bado wapo wanaowinda nao kulungu. Kwa hiyo usidanganyike na kimo. Atataka kwenda mbali kuliko mwili wake unavyomruhusu, na wewe ndiwe utakayekuwa na akili kwa niaba yake.

Baridi nayo inamwingia upesi. Fikiria kikombe cha chai na sufuria ya chai: kipi kinapoa kwanza? Tena huyu tumbo lake linakaribia kuburuta chini, kwa hiyo theluji tunayoikanyaga mimi na wewe yeye anailalia. Akiwa kwenye njia iliyoshindiliwa anakimbia kama kichaa. Akitoka nje ya njia kwenye theluji laini anazama, unabaki unaona mkia tu. Mpe maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa yako, usimwache ashibe theluji. Mkirudi mjini muoshe nyayo, kwa sababu barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inamchoma kwenye mipasuko, kisha atailamba. Kabla ya kutoka mpake mafuta ya mgando katikati ya vidole. Mwenye nyumba wangu alikuwa na kopo lake karibu na mlango, na nilipomwona mara ya kwanza akimpaka mbwa mafuta nilitamani mama angekuwepo.

Sasa skii zenyewe, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Toa kichwani zile za kwenye televisheni, za watu wanaoruka kutoka mlimani. Hizo zipo, lakini watu wengi wa pale wanateleza kama wanaotembea. Ncha ya kiatu tu ndiyo inayoshikwa, kisigino kiko huru. Mashine hupita na kuchonga mifuo miwili sambamba kama reli, unaweka skii moja kila mfuo, unasukuma na fimbo. Ukikanyaga mifuo hiyo kwa buti, au ukamwachia mbwa aichimbue, utatazamwa vibaya bila kuambiwa neno, na kutazamwa na Mnorwe ni adhabu kamili. Mlima ukija, unafungua ncha za skii nje na visigino unavikaribisha, unapanda hivyo hatua kwa hatua, na alama unazoacha nyuma zinafanana na mfupa wa samaki. Wenyewe huita hivyo hivyo, mfupa wa samaki. Wewe uliyekula ngege pale Dunga tangu utotoni utaelewa kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Kushuka ni kinyume: ncha zinakutana mbele, visigino vinaachana, unakuwa plau. Mimi nilikuwa plau majira mawili. Nta ya chini ya skii huchaguliwa kulingana na baridi ya siku, na ukikosea, ama unarudi nyuma kila ukisukuma, ama theluji inang'ang'ania chini kama ugali kwenye mwiko.

Mbwa mdogo usimfunge akuvute. Kuna watu wanavutwa na mbwa kwa mkanda wa kiunoni, lakini hao ni mbwa wakubwa waliozoezwa. Wako aende kando au nyuma kidogo, na awe mbali na skii, hasa zile za milimani zenye ukingo wa chuma, kwa maana ukingo huo unakata mguu kama panga. Mteremko ukiwa mkali, mbebe. Na soma vibao, kwa sababu njia nyingine haziruhusu mbwa kabisa. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti, sheria inataka mbwa awe kwenye kamba nchi nzima, kwa ajili ya wanyama na ndege wanaozaa.

Nikuambie ya Februari ile, maana ulisema niache kuficha.

Ilikuwa Jumamosi, baridi nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, jua limetoka. Nilipanda basi na Tuva hadi Nordseter, juu ya mji, nikiwa nimepanga mzunguko wa kilomita kumi na nne. Nilichelewa kuondoka kwa sababu ya viatu. Nilivikodi mahali fulani, nikapewa namba isiyo yangu, na nilipolalamika nikaambiwa vitalegea. Havikulegea. Lakini nilikuwa nimemwahidi mwenye nyumba kwamba leo nitamaliza mzunguko wote, tena nilikuwa nimejigamba kwa wenzangu kazini, kwenye nyumba ya wazee. Unajua wale walivyoniona: Mkalenjin! Walidhani miguu yangu ina injini. Nilikuwa nimechoka kueleza kwamba shuleni mimi ndiye nilikuwa nabeba sweta za wanaokimbia.

Kilomita ya nne upepo ukaanza. Tuva akainua mguu mmoja, akasimama kwa mitatu, akanitazama. Nikavuta kamba. Akaenda, akainua mwingine. Nikavuta tena. Nilidhani anadeka, Akinyi. Nilimwambia kwa Kiswahili, "Twende, acha maringo." Mwishowe alikaa chini katikati ya njia, mgongo kwa upepo, akakataa.

Nilipoinama ndipo nikaona. Katikati ya vidole vyake theluji ilikuwa imeganda vidonge vigumu, vikubwa kama maharagwe, na tumboni manyoya yalikuwa yamening'inia shanga za barafu. Kila hatua alikuwa anakanyaga kokoto. Asubuhi, kwa haraka ya viatu, sikumpaka mafuta. Nikavua glavu nivitoe vidonge kwa vidole, maana ukivivuta kwa nguvu unang'oa manyoya, inabidi viyeyuke mkononi. Glavu moja ikapeperuka, ikaenda kama karatasi. Baada ya dakika chache vidole vyangu havikuwa vyangu tena.

Na bado, sikia ujinga, nilisimama pale nikihesabu kilomita zilizobaki. Kumi. Nyuma zilikuwa nne. Hesabu ya darasa la pili, lakini aibu haijui hesabu.

Mzee mmoja akatokea nyuma yangu akiteleza polepole, skii za mbao za zamani. Akasimama, akamtazama mbwa, akautazama mkono wangu, akafungua mkoba akanipa glavu ya sufu iliyofumwa, moja, kubwa kama ya bondia. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu, uso wake ulifunguka: "Kenya! Boit!" Nilifikiri amekosea jina. Kumbe ni Philip Boit, wa kwetu huku Bonde la Ufa, aliyeshiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998 baada ya kufundishwa skii Finland. Alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, wa 92, kama dakika ishirini nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit naye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mzee alinisimulia haya yote kwenye upepo, mimi meno yakigongana, kana kwamba tuko kwenye kibanda cha chai. Huku kwetu wangapi wanamjua? Mimi nilihitaji kwenda kugandia mlimani ili niambiwe habari za jirani.

Kisha akasema sentensi moja kwa Kinorwe ambayo nilikuwa nimeisoma bila kuitia maanani: geuka mapema, hakuna aibu kurudi. Ni kanuni ya nane kati ya tisa za milimani. Zilisambazwa sana baada ya Pasaka ya 1967, watu 18 walipokufa milimani kule, na hadi leo zimechapwa ndani ya karatasi ya chokoleti moja wanayoipenda, Kvikk Lunsj. Nilikuwa nimekula chokoleti hiyo asubuhi na kuikunja karatasi mfukoni.

Nikamtia Tuva ndani ya jaketi, kichwa chini ya kidevu changu, nikafunga zipu. Kwanza alitetemeka yeye, halafu nikatetemeka mimi, halafu tukaacha wote. Kurudi kulikuwa na mteremko mmoja, na kwa kuwa sikutaka kumwangukia, nilianguka kwa ubavu mara nne, kwa hiari. Unajua kila Machi kuna mashindano ya skii yanayoishia hapo hapo Lillehammer, kilomita 54 kutoka Rena, na kila mshindani lazima abebe mzigo usiopungua kilo 3.5 mgongoni? Ni kumbukumbu ya mwaka 1206, wakati watu wawili wa skii walipomvusha milima mtoto mchanga Håkon, aliyekuja kuwa mfalme, wasije maadui wakamuua. Basi mimi nilimbeba wangu kilo tano, na hakuwa mfalme wa popote isipokuwa kochi.

Mwenye nyumba hakuniuliza kama nilimaliza mzunguko. Aliuliza tu, "Nyayo zikoje?" Glavu ya mzee sikuweza kuirudisha. Ninayo hapa.

Nguo: kabla hujaondoka pita soko la Kibuye, lakini usinunue jaketi kwa unene. Soma lebo. Tafuta sufu, fulana na suruali za ndani za sufu, hizo ndizo zinazogusa ngozi. Pamba ikishika jasho inakuwa baridi na inakaa hivyo siku nzima. Na wewe, mtoto wa asubuhi, jiandae. Ukifika mapema Januari jua litatoka baada ya saa tatu na kuondoka baada ya saa tisa, kwa hiyo huyo mbwa utamtembeza gizani mara nyingi. Nyinyi wawili vaeni kitu kinachong'aa taa za gari zikipiga. Giza lile lilinisumbua kuliko baridi, na hilo tutaongea kwa simu.

Unakumbuka mwaka 2008 tulivyosikia theluji imeanguka Nyahururu, kumbe ilikuwa mvua ya mawe iliyofunika kilima kizima? Mjomba alirudi akisema ameishika na ni chumvi chumvi tu. Theluji halisi ya baridi kali haishikani hata kidogo. Unaitupa juu inatawanyika kama unga. Usiku wa kwanza nenda uitupe, usione haya, hata mimi niliitupa.

Jana nilipanda Menengai na Simba, huyu mbwa wa geti. Nimeanza kwenda naye, mama anatikisa kichwa. Tulitoka alfajiri kabla mawe hayajapata moto, tukafika ukingoni, shimo lote la volkeno limejaa ukungu mweupe, na kwa dakika tano hivi ungeapa ni kule. Akaanza kuchechemea. Nikakaa chini nikainua mguu wake, na ni mwiba tu, nikautoa. Vijana waliokuwa wakifanya mazoezi walipita wakanicheka: dada anamkagua mbwa viatu. Tulikuwa bado hatujafika kwenye mnara. Tukarudi.

Kesho nitatuma kifurushi kwa gari la abiria la saa nne, kichukue stejini jioni. Kuna kopo la mafuta, soksi mbili za sufu, na ile glavu ya mzee. Ni moja tu, ya mkono wa kulia. Koti la Tuva mwenye nyumba alinipa nilipoondoka, nalo nimelitia, lina tundu ubavuni, lishone kabla ya kusafiri. Kama mbwa wako ni mnene halitamtosha. Nitumie picha yake ukifika, na umpige kutoka chini, nyayo zionekane.

Msalimie mama Kisumu, mwambie samaki wa safari ile bado tunawazungumzia.

Wako,
Jerop