Fedha za utafiti wa taksi mtandao zinachelewa kufika

Ndugu Mhariri,

Mwaka 2022 uliipa Afrika Mashariki nafasi ambayo wachumi wa soko la ajira huisubiri kwa miaka mingi. Tanzania, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa kamisheni ya taksi mtandao, yaani sehemu ya nauli ambayo kampuni humkata dereva, kuwa asilimia 15. Aprili 14 mwaka huo Uber ikasitisha huduma zake nchini, na ikarudi mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya, mwaka huohuo wa 2022, kanuni mpya zikaweka asilimia 18. Nchi mbili jirani, kampuni zilezile, viwango tofauti, na kampuni moja kubwa ikitoka sokoni na kurudi ndani ya miezi tisa hivi.

Swali la kila mtu lilikuwa rahisi: dereva alibaki na pesa zaidi, au hapana? Mtafiti anayeingia mtaani baada ya tukio hana la kufanya ila kumwomba dereva akumbuke alichopata miezi minane iliyopita. Dereva anakumbuka siku ya mvua aliyovuna na siku aliyokamatwa na trafiki. Siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, zimeshafutika. Kwa hiyo tunaandika kuwaomba wafadhili, na ninyi wanahabari mnaotangaza miradi yao ya utafiti wa ajira, pengo la kipato na ushindani wa kidijitali, mtazame jambo moja kabla ya yote: mradi unaanza kupima lini?

Kazi ya wachumi wa Marekani David Card na Alan Krueger kuhusu kima cha chini cha mshahara inajulikana kwa matokeo yake, lakini nguvu yake ilikuwa kwenye kalenda. New Jersey ilipandisha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa tarehe 1 Aprili 1992. Wao walipiga simu kwenye migahawa 410 ya New Jersey na mashariki mwa Pennsylvania, ambako mshahara haukubadilika, mwezi Februari na mwanzoni mwa Machi, yaani kabla. Wakarudia Novemba na Desemba. Migahawa iliyokuwa imefungwa hawakuitupa nje ya hesabu. Waliihesabu kuwa na wafanyakazi sifuri. Wapinzani wao walikosoa ubora wa takwimu za simu, na mjadala ukaendelea kwa miaka, ila kulikuwa na kitu cha kujadili kwa sababu kipimo cha kwanza kilikuwepo.

Kwetu, hata pale kipimo cha kwanza kinapokuwepo, mara nyingi kinapima kitu kisicho sahihi. Dodoso huuliza "kwa siku unapata shilingi ngapi?" na dereva hutaja alichopokea kwa abiria. Tuchukue mfano wa kubuni wa dereva wa bajaji ambaye safari zake zote ni za mtandaoni. Abiria wamemlipa Sh60,000. Petroli Sh14,000, bando Sh1,000, hesabu ya bosi, yaani malipo ya kila siku kwa mwenye chombo, Sh20,000. Kamisheni ikiwa asilimia 15 anakatwa Sh9,000 na kubaki na Sh16,000. Ikiwa asilimia 25 anakatwa Sh15,000 na kubaki na Sh10,000. Anayepima pesa inayobaki baada ya kamisheni pekee ataona imeshuka kutoka 51,000 hadi 45,000, chini ya asilimia 12, na ataandika kwamba athari ni ndogo. Mfukoni mwa dereva imepungua kwa asilimia 37.5. Petroli na hesabu havipungui eti kwa sababu kamisheni imepanda.

Saa nazo zina mtego. Dereva huyo akiwa barabarani saa 11, na kati ya hizo 5 tu ana abiria, zile Sh16,000 ni kama Sh1,450 kwa saa ya kazi. Kampuni ikitoa takwimu zake itagawanya kwa saa za abiria na kupata Sh3,200. Njia zote mbili ni halali, lakini ya pili haielezi maisha ya mtu anayesubiri kituoni akiwa na simu mkononi. Dodoso liulize saa ya kutoka nyumbani na saa ya kurudi, kisha muda wa mapumziko. Na mkusanya takwimu aombe kuona taarifa ya malipo ya wiki kwenye simu ya dereva, kwa kila programu aliyonayo, badala ya kukubali namba ya kichwani.

Kuhusu hesabu ya bosi tungependa kusema zaidi, kwa sababu hapo ndipo pengo la kipato linapojificha. Kamisheni ikishushwa kwa amri, dereva anapata nafuu wiki ya kwanza. Bosi naye anasoma magazeti. Kama madereva wanaotafuta chombo ni wengi kuliko vyombo, anaweza kupandisha hesabu na nafuu yote ikahamia kwake, hata kama sheria ilikusudia dereva. Hii inajulikana tu ukiuliza kiwango cha hesabu kila mwezi, kabla na baada. Tofautisha pia dereva wa hesabu ya kawaida na wa mkataba, ambaye chombo kitakuwa chake akimaliza kulipa: malipo ya huyu wa pili yana sehemu ya akiba ndani yake, na ukiyatoa yote kama gharama utamfanya aonekane maskini kuliko mwenzake wakati kwa kweli ananunua mali. Mwenye chombo chake mwenyewe ana kosa la upande mwingine: halipi hesabu, basi huonekana tajiri, huku matairi, injini na uchakavu havijaandikwa popote.

Sasa idadi ya watu wa kuhoji, ambayo ndiyo bajeti hukatwa kwanza. Kipato cha dereva hupanda na kushuka sana. Tuseme mtawanyiko wake, yaani jinsi vipato vinavyotofautiana na wastani, ni asilimia 60 ya wastani huo, na tunataka kuona tofauti ya asilimia 10. Kanuni ya haraka ni 16 mara mraba wa 0.6 ikigawanywa kwa 0.1, yaani watu 576 kwa kila kundi kati ya mawili yanayolinganishwa. Wakusanyaji wakirahisisha kazi kwa kuchukua madereva kumi kumi kijiwe kimoja, na watu wa kijiwe kimoja wakafanana kidogo tu, kwa kiasi cha 0.05 (0 ni kutofanana, 1 ni kuwa sawa kabisa), idadi inapanda hadi takriban 835. Mfadhili anatoa fedha za watu 300 kwa jumla. Kwa 150 kila kundi, hata bila tatizo la vijiwe, tofauti ndogo kuliko asilimia 20 hivi ina nafasi kubwa ya kukupita. Ripoti inatoka ikisema "hakuna athari", gazeti linaandika hivyo, waziri ananukuu.

Dawa ipo na ni ya bei nafuu. David McKenzie wa Benki ya Dunia alionyesha mwaka 2012 kwamba kwa kitu kinachoyumba kama kipato, kumuuliza mtu yuleyule mara nyingi kunafaa kuliko kuhoji watu wengi mara moja. Ukipima mara tatu kabla na mara tatu baada, na kipato cha mwezi mmoja kikahusiana na cha mwingine kwa 0.3, wale 576 wanashuka hadi takriban 210. Makundi mawili ni 420. Anza na 600, maana wengine watapotea. Kila mmoja akipigiwa simu mara moja kwa mwezi na kutumiwa Sh3,000 kwenye simu kama shukrani, mwaka mzima ni Sh21,600,000, ukiacha mishahara ya wapigaji na vocha. Kuna semina za uzinduzi zinazokaribia hapo.

Kupotea kwa madereva kusichukuliwe kama bahati mbaya. Aliyeacha kuendesha ndiye ana habari: amefungiwa akaunti, ameshindwa hesabu, au amepata kazi nzuri zaidi. Chukua namba mbili za ndugu na ya mwenyekiti wa kijiwe siku ya kwanza, na endelea kumhoji hata akiwa anauza chipsi. Ukibaki na wanaoendesha tu, utapata soko ambalo kila mtu analimudu.

Kundi la kulinganisha linasumbua kwa kuwa ukomo hugusa nchi nzima. Njia inayowezekana ni kuwagawa madereva kwa kiwango walichokuwa wakikatwa kabla: waliokuwa kwenye programu inayotoza juu ya ukomo mpya, na waliokuwa chini yake. Kwa kuwa wengi wana programu mbili au tatu, rekodi iwe mgao wa safari zao kwa kila moja. Mgao huohuo ndio kipimo kizuri cha ushindani, kwani utaonyesha walihamia wapi kampuni moja ilipoondoka na bonasi zilifanyaje baada ya hapo. Ongeza ukaguzi wa bei: fungua programu zote dakika ileile kwa njia tatu, kwa mfano Kariakoo hadi Mwenge, asubuhi, mchana na jioni, usome nauli bila kuita gari. Ni vipimo 63 kwa wiki kwa kila programu, na kijana mmoja anaweza.

Masharti mawili yawe ndani ya mkataba wa ufadhili. Kampuni ikitoa takwimu zake, isiwe na haki ya kuzuia matokeo, bali kukagua tu kama siri za wateja zimefichwa. Na takwimu, zikiwa zimetenganishwa na majina na namba za simu kama sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinavyotaka, ziwekwe chuo cha hapa nchini ndani ya mwaka mmoja, ili mwanafunzi wa Mlimani asilazimike kuziomba Ulaya.

Wachambuzi wa takwimu za ajira,
Dar es Salaam