Malalamiko kuhusu amplifaya ya hedifoni iliyouzwa kuwa "inaendesha hadi omu 600"

Moshi,
12 Machi 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Sauti,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KUOMBA KUREJESHEWA FEDHA AU KUBADILISHIWA AMPLIFAYA YA HEDIFONI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa Moshi. Kazi yangu ni kurekodi kwaya, hasa za makanisa ya Marangu, Machame na Kibosho. Mwezi uliopita nilinunua kwenu amplifaya ndogo ya hedifoni, ile ya kubeba mfukoni yenye kigeuzi cha dijitali ndani yake, kwa shilingi 285,000. Nililipa kwa simu, mzigo ukaja kwa basi, na risiti ya EFD ninayo. Nakala yake nimeiambatisha hapa.

Kifaa kinawaka. Simu inakitambua, kompyuta mpakato inakitambua, na sauti inatoka. Nimeanza na hilo kwa sababu kijana wenu wa mauzo kila nikimpigia hurudi hapohapo: kinawaka, kinatoa sauti, kwa hiyo si kibovu, na mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi sijasema popote kwamba ni kibovu. Ninacholalamikia ni kwamba hakiwezi kazi niliyowatajia kabla sijalipa, na kwamba mliniuzia kwa tarakimu ambayo tundu ninalolitumia haliifikii.

Kabla ya kununua niliwaandikia ujumbe, na ujumbe huo bado upo kwenye simu zetu sote wawili. Nilitaja hedifoni zangu kwa jina: Beyerdynamic DT 770 Pro. Nikaeleza kwamba hedifoni hizo zinatengenezwa kwa ukinzani tofauti (jinsi zinavyozuia umeme, hupimwa kwa omu; omu zikiwa nyingi zinahitaji volti nyingi zaidi), omu 32, omu 80 na omu 250, na kwamba zangu ni za omu 250. Kisha nikauliza swali moja tu: kwenye tundu la kawaida la milimita 3.5, kifaa hiki kinatoa volti ngapi? Jibu nililopewa ni hili: "Mkuu, hiyo ni biti 32, kilohezi 384, inaendesha hadi omu 600. Chukua, hutajuta."

Naomba mtu mwenye dhamana dukani kwenu alitazame jibu hilo kwa makini, maana ndani ya kiboksi kile kuna kazi mbili. Kigeuzi kinachukua namba zilizohifadhiwa kwenye faili na kuzifanya kuwa mkondo wa umeme unaofuata umbo la sauti. Amplifaya inaupa mkondo huo nguvu ya kusukuma spika ndogo zilizomo ndani ya hedifoni. Biti (usahihi wa kila namba) na kilohezi (maelfu ya namba kwa sekunde) ni habari za kigeuzi. Niliuliza habari za amplifaya. Ni sawa na kumuuliza muuza pampu kama pampu yake inapandisha maji hadi ghorofa ya tatu, naye akakujibu kwamba maji yake ni safi.

Na hata hizo biti 32 na kilohezi 384, kwa mnunuzi wa kawaida hazibadilishi kitu cha kusikika. Santuri za CD zilipoanza kuuzwa mwaka 1982 zilitumia biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na kiasi hicho kinatosha kubeba sauti zote hadi hezi 20,000 (mitetemo kwa sekunde), ambao ndio ukomo wa sikio la kijana mwenye afya. Rekodi zangu mwenyewe ni za biti 24 na kilohezi 48. Kigeuzi cha bei ya chini kabisa sokoni leo kinazisoma bila shida. Siwezi kusema mlidanganya kuhusu 384. Nasema mliitanguliza mbele ya tarakimu niliyoihitaji.

Tarakimu niliyoihitaji niliikuta kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya boksi, kwa maandishi madogo sana. Kifaa kina matundu mawili. Tundu la milimita 3.5 linatoa volti 1. Tundu la milimita 4.4, lile la hedifoni zenye nyaya nne, linatoa volti 2. Miliwati zilizotajwa, yaani kipimo cha nguvu, zimepimwa kwa mzigo wa omu 32 peke yake. Hesabu iliyobaki si ngumu: unazidisha volti kwa volti, unagawanya kwa omu. Volti 1 kwenye omu 32 inatoa miliwati 31. Volti hiyohiyo kwenye omu 250 inatoa miliwati 4. Kwenye omu 600 hazifiki hata miliwati 2. Adapta ndogo ya USB-C ya Apple inayouzwa Marekani kwa dola 9 nayo inatoa takriban volti 1. Kwa hiyo kwa hedifoni zangu, kwenye tundu ninaloweza kulitumia, sh. 285,000 zimeninunulia nguvu ileile ya adapta ya dola 9.

Najua kijana wenu atasema miliwati 4 zinapiga. Aliniambia hivyo kwa simu. Alichomeka hedifoni pale dukani, akacheza wimbo wa Bongo Fleva, na nikausikia ukivuma hadi huku. Namwamini. Kiwanda kinasema DT 770 Pro inatoa desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1, na miliwati 4 zinaongeza desibeli 6, jumla 102, pale kitufe cha sauti kinapofika mwisho. Wimbo uliokwisha kuandaliwa kwa ajili ya redio umebanwa na kupandishwa, sauti yake iko juu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huo utasikika hata kwenye kifaa dhaifu.

Rekodi mbichi ya kwaya haiko hivyo. Anayerekodi huacha nafasi juu, ili waimbaji wa sauti ya kwanza (soprano) wakipaza ghafla rekodi isipasuke. Mimi huacha desibeli 12, mara nyingine zaidi. Ondoa hizo 12 kwenye 102, unabaki na 90 pale kwaya nzima inapoimba kwa nguvu zote. Ubeti wa alto peke yao, wakiimba taratibu, unashuka desibeli 25 chini ya hapo, au zaidi. Sasa uko na 65, kitufe kimefika mwisho, umesimama ndani ya kanisa lenye watu wanaopanga viti na watoto wanaokimbia kwenye veranda. Hedifoni zangu ni za kufunika sikio na zinazuia kelele kiasi, lakini si zote. Hicho ndicho kifaa mlichoniuzia kwa kazi hii.

Madhara yake nimeshayapata, tena mapema. Nilikuwa Kibosho. Baada ya kumaliza kurekodi nilihamisha faili kwenye kompyuta, nikachomeka kifaa chenu, nikapandisha sauti hadi mwisho na kusikiliza kabla ya kuwaruhusu wanakwaya waondoke. Nilisikia kwaya, safi. Nikawashukuru, wakatawanyika. Nyumbani, kwenye amplifaya yangu ya mezani inayotumia umeme wa ukutani, chini ya sauti zao kulikuwa na mngurumo wa umeme, ule wa hezi 50, kwa sababu waya wa maikrofoni ulipita karibu na waya wa umeme wa kanisa. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini zinapokuwa hafifu; watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hilo huko Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Ukisikiliza kwa sauti ndogo, besi ndiyo inayopotea kwanza. Kwa hiyo kifaa dhaifu hakikunipunguzia sauti tu, kilinificha kosa lenyewe nililokuwa natafuta.

Mtu anaweza kusema mngurumo unachujwa kwenye kompyuta. Unapunguzwa, ndiyo, lakini hauji peke yake. Unakuja na wenzake wa hezi 100 na 150, na humo ndimo wanaume wa sauti ya nne wanamoimba. Ukiukata wote unawakata na wao. Wale wazee walifanya mazoezi miezi mingi, wengine walitoka mashambani siku ya kazi kuja kurekodi. Siwezi kuwarudishia wimbo wenye besi iliyochunwa. Itabidi turudie, na gharama ya usafiri na ya kuwaomba watu wale upya ni yangu.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko fedha. Nilipolalamika, nilishauriwa ninunue adapta ya kutoa 4.4 kwenda 3.5, ya shilingi 15,000, "ili upate zile volti 2". Tafadhali, acheni kutoa ushauri huo kwa mtu yeyote. Kwenye tundu la 4.4 kila sikio lina nyaya zake mbili, na zote mbili zinabeba umeme wa sauti. Hakuna waya wa pamoja. Hedifoni zangu, kama nyingi za kawaida, zina pini ya nyaya tatu, ambapo waya wa kurudi wa kushoto na wa kulia umeunganishwa kuwa mmoja. Adapta ya namna hiyo inaunganisha pande mbili za amplifaya ambazo hazikupaswa kugusana, na inaweza kuichoma. Kama ningefuata ushauri huo na kifaa kikaungua, nina hakika ningeambiwa nimekiharibu mwenyewe.

Nawafikiria pia wateja wenu wengine. Vijana wengi wa Arusha na Moshi wananunua vile visikizi vidogo vya kuchomeka ndani ya sikio, vya omu 16 au 32. Hao hawahitaji nguvu kabisa. Wanahitaji kifaa kisicho na mvumo, na ambacho ukinzani wa tundu lake la kutokea hauzidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa visikizi vyao. Kwa omu 16 ni omu 2. Ukizidi hapo, sauti za besi na za kati zinaweza kubadilika kwa namna ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Kwa wateja hao omu 600 haina maana yoyote, lakini tangazo lenu linawaambia hiyo ndiyo sifa kuu. Wanalipia nguvu wasiyoihitaji, na pengine wanapata kelele ya "shhh" nyuma ya kila wimbo. Hakuna anayewauliza wana visikizi gani.

Na nisieleweke kwamba natafuta kelele za kuumiza masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na mimi nayatunza masikio yangu kwa sababu ndiyo yanayonilisha. Nataka nafasi ya kupandisha sauti hafifu mpaka niisikie, kisha niishushe.

Ninachoomba ni hiki. Mnirejeshee sh. 285,000 kamili, au mnibadilishie kwa kifaa ambacho tundu lake la 3.5 linatoa angalau volti 2, na ikiwezekana 3. Kwa volti 2 hedifoni zangu zitapata miliwati 16, na kwa volti 3 zitapata 36. Hapo ninaweza kufanya kazi. Kama bei ya kifaa hicho ni kubwa zaidi, tofauti nitaongeza. Kiwe na betri yake au kitumie umeme wa simu, kwangu ni sawa. Nilichonacho sasa kiko kwenye boksi lake, na waya wake na karatasi yake, hakina hata mkwaruzo.

Pili, naomba mlirekebishe tangazo. Andikeni volti za kila tundu, na kila mkiandika miliwati andikeni ni kwa omu ngapi. Maneno "hadi omu 600" myaondoe kwenye kifaa hiki, au mseme wazi ni kwa tundu lipi na kwa sauti ya kiwango gani. Tatu, wekeni dukani kifaa kimoja cha majaribio, mteja aje na hedifoni zake na faili zake, asikilize mwenyewe kabla ya kulipa. Sisi wa Moshi tuko tayari kupanda basi kwa ajili hiyo.

Kuhusu ile kauli ya mali ikishauzwa hairudishwi: sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayonunulia kitu, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi kitu kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Mimi nilieleza, kwa maandishi, pamoja na namba ya omu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza maelezo yanayompotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Ningependa tulimalize hapa hapa baina yetu, kwa kuwa nimenunua kwenu vitu vingine vizuri, maikrofoni na nyaya, na sijawahi kurudisha hata kimoja. Lakini nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaipeleka Tume pamoja na ujumbe wetu wa simu na risiti.

Naweza kuja Arusha siku yoyote ya juma isipokuwa Jumamosi na Jumapili, ambazo niko na kwaya. Nitakuja na hedifoni zangu na ile rekodi ya Kibosho. Naomba siku hiyo awepo mtu anayeweza kuamua.

Wako,

Mteja wenu, Moshi.

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, picha za ujumbe wa simu, picha ya karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi.