Mhariri, tusiishie kwenye popo

Mhariri,

Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, alipofariki Julai 22, 2025 karibu kila nilichosoma kilikuwa kile kisa cha kung'ata kichwa cha popo jukwaani mwaka 1982, na ukurasa wenu wa burudani nao ukaishia hapohapo. Sawa, popo alikuwepo, ila muziki je?

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na grili za madirisha, na hapa karakana kuna ubishi wa miezi sasa kati yangu na dogo ninayemfundisha kazi, albamu ipi ya hevi metali ya zamani ni kali kuliko zote. Dogo anasema Master of Puppets ya Metallica, ya 1986. Mimi nasema Master of Reality ya Black Sabbath, ya 1971, na hapo sitoki.

Kina Slayer, bendi nyingine ya metali, tuliwatoa mapema. Albamu yao Reign in Blood ni nzuri lakini ni kama dakika 29 tu, hujamaliza hata kukata vyuma vya dirisha moja imeisha, fupi mpaka kwenye kaseti waliweka albamu nzima upande A na upande B tena nzima. British Steel ya Judas Priest ilitaka kunishinda, maana kwenye jalada kuna mkono umeshika wembe mkubwa na hauvuji damu (nikimwambia dogo avae glovu ananionyesha hiyo picha), na mle ndani wamerekodi chupa za maziwa zikivunjwa na trei za vijiko na uma zikitikiswa, yaani kelele za jikoni zimegeuzwa chuma. Ila nyimbo zake zingine ni nyepesi mno kwa roho yangu.

Sasa Sabbath. Mpiga gitaa wao Tony Iommi alikuwa mtu wa kazi kama zetu, kiwanda cha mabati Birmingham, mwaka 1965, ana miaka 17 na ndo siku yake ya mwisho kazini. Mchana kaenda kula nyumbani akataka asirudi, mama yake akamwambia rudi ukamalize kazi yako, karudi, mwenzie wa kwenye mashine hakuja siku hiyo wakamweka yeye, mashine ikambana, kuvuta mkono ncha za vidole viwili zikabaki humo. Na yeye ni mashoto, kwa hiyo mkono ulioumia ndio wa kubana nyuzi! Alichofanya ni kuyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akatengeneza vifuniko vya vidole, juu akabandika ngozi ya koti kuukuu, akafunga nyuzi nyembamba. Kwenye Master of Reality nyimbo kadhaa kazilegeza nyuzi, sauti ikashuka toni moja na nusu, ili zisimuumize, mwenye besi naye akashuka naye, na ule uzito ambao bendi kibao zinautafuta mpaka leo ukatokea hapo. Mimi diski ya grinda ilishanichana kidole, nilikaa wiki tatu nalalamika na hata filimbi sijatengeneza.

Halafu kuna kipimo changu mwenyewe ambacho dogo anasema si haki. Washa grinda, weka albamu kwenye sabufa, sikiliza nini kinabaki. Gitaa za Metallica ni kali na za juu, grinda inazimeza zote unabaki na ngoma tu. Sabbath inapita kwa chini, unaisikia miguuni, unaendelea kukata chuma na wimbo hujaupoteza.

Dogo anajibu kwamba albamu haikutengenezwa isikilizwe na grinda, na hapo ana pointi, siwezi kukataa.

Jana nilitoka kununua vijiti vya kuchomelea, kurudi nakuta kaweka Master of Puppets kwa sauti yote. Nilikuwa nanyoosha mkono nizime ukaingia ule wimbo usio na maneno, zaidi ya dakika 8, besi ya Cliff Burton wa Metallica inatembea peke yake katikati, na huyo Cliff albamu ilitoka Machi, Septemba mwaka huohuo basi la bendi likapinduka Sweden akafariki, ana miaka 24. Huo sikuuzima.

Fundi mageti, Dar es Salaam