YAH: MALALAMIKO KUHUSU HELMETI MBILI ZA BAISKELI ZISIZOKAA KICHWANI

Ipuli,
Tabora.
21 Oktoba 2024

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mwishoni mwa Agosti nilinunua kwenu helmeti mbili za baiskeli, moja yangu na nyingine ya binti yangu aliye kidato cha pili. Kila moja ilikuwa shilingi 65,000, na kifurushi kwa basi 10,000, jumla 140,000. Bei sikuilalamikia. Nililipa kwa moyo mmoja kwa sababu kila asubuhi tulikuwa tunatoka pamoja kwa baiskeli kwenda mjini, yeye shuleni, mimi kibandani kwangu, na malori ya barabara ya lami hayampishi mtu.

Leo ninavyoandika, yangu iko juu ya kabati na yake inaning'inia kwenye usukani wa baiskeli. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na yangu. Kabla ya kuagiza nilifuata maelekezo yenu: nikazungusha futi kamba kwenye paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, ikapita juu ya masikio na kuzunguka kisogo pale palipotokeza zaidi. Nikapata sentimita 59. Helmeti yenu imeandikwa 58–61, kwa hiyo ilipaswa kunikaa. Dakika kumi hazikuisha, paji likaanza kupwita. Nikifika mjini na kuivua, nakuta mbonyeo unaokaa hadi saa nne. Na hapohapo, pembeni juu ya masikio pamebaki wazi kiasi cha kuingiza vidole viwili! Nikikaza lile gurudumu dogo la nyuma, maumivu yanazidi. Nikililegeza, helmeti inacheza kushoto na kulia.

Ndugu Meneja, mimi ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wa kumi na tisa napima miili ya watu. Wateja wawili wanaweza kuwa na kiuno cha inchi 34 wote, mmoja bapa na mwingine wa mviringo, na suruali ya huyu isimkae yule. Kichwa nacho ni hivyohivyo. Nilichukua waya laini, nikauzungusha kichwani, nikauchora kwenye karatasi ya kaki ninayokatia nguo. Kutoka paji hadi kisogo ni sentimita 21, na upana ni 16. Nikapima vilevile ndani ya helmeti yenu: urefu 20, upana 17.5. Ukipitisha futi kamba kwenye michoro yote miwili unapata takriban 59, lakini mmoja una umbo la yai na mwingine unakaribia chungwa. Karatasi nimeiambatanisha, itazameni wenyewe. Nyinyi mnauza kwa mzunguko peke yake, na mzunguko hausemi umbo.

Nilipiga simu yenu mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nivae tu, itaachia yenyewe kama kiatu kipya. Ngozi ya kiatu inaachia kwa sababu inanyumbuka. Lile povu gumu la ndani ya helmeti kazi yake ni kupondeka mara moja, siku ya kuanguka, linyonye kishindo kisifike kwenye fuvu, na likishapondeka helmeti hiyo ni ya kutupa. Mara ya pili kijana wenu alinishauri nilikwangue kwa kisu pale panapobana. Visu na mikasi ninavyo, na kukata ndiyo kazi inayonilisha, ila hapo sikuthubutu. Unene ule ndio niliolipia. Nawasihi neno hilo lisitoke tena kwenye simu yenu, kwa sababu atakayelipokea baada yangu anaweza kulitii. Mara ya tatu nikaambiwa niianike juani ilainike, wakati joto kali ni mojawapo ya vitu vinavyoliharibu povu hilo. Na jua la Tabora mwezi huu wa kumi mnalijua.

Ya binti yangu inaniuma zaidi. Anavaa hijabu ya shule, na chini yake amesukwa. Hatukutaka kuisingizia helmeti, kwa hiyo kwanza tuliufumua ule msuko uliokuwa umefungwa fundo kisogoni, akasukwa mistari myembamba inayolala. Nikamshonea kofia ya ndani ya pamba nyepesi, isiyo na mshono kwenye paji. Juu ikakaa vizuri kabisa.

Tatizo ni mikanda. Ule wa mbele na ule wa nyuma inapaswa kukutana chini kidogo tu ya sikio, ichore herufi V, kisha mkanda wa kidevu ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili. Kwenye helmeti yake kile kiplastiki kinachoiunganisha hakisogei. Kinamkalia kwenye taya, sentimita nne chini ya sikio. Matokeo yake wa mbele unalegea na wa nyuma unavuta. Akigeuka kutazama gari la nyuma, helmeti inarudi kisogoni na paji lote linabaki wazi. Niliisukuma ukingo wa mbele kwa kiganja, ikarudi nyuma hadi kwenye mstari wa nywele. Ikiwa inasalimu amri kwa mkono wangu, itamfaa nini akipiga lami? Juu ya hayo, kifungo kinamfinya ngozi ya koo. Alivumilia wiki tatu, akaacha kuivaa. Sikumgombeza.

Ndani mmebandika alama ya EN 1078, kiwango cha Ulaya cha usalama wa helmeti za baiskeli, nami siibishii. Katika jaribio la kiwango hicho helmeti huvishwa kichwa cha bandia na kuangushwa juu ya chuma kutoka kama mita moja na nusu. Lakini kichwa kile kinachaguliwa kiendane na saizi ya helmeti. Cha mwanangu hakikuchaguliwa.

Naomba mnibadilishie yangu kwa yenye umbo refu. Kama hamna, nipeni saizi ya juu yake pamoja na sponji nene za pembeni, maana sponji huziba nafasi lakini haiongezi. Ya binti yangu ibadilishwe kwa yenye kiunganishi kinachosogea. Hayo yakishindikana, nirudishieni 140,000 zangu zote. Tena andikeni kwenye boksi urefu na upana wa ndani, na mtie maelekezo ya Kiswahili. Karatasi niliyoikuta haina neno hata moja la Kiswahili. Aliyenisomea ni huyohuyo mtoto.

Helmeti zote mbili zitakuwa kwenye maboksi yake kuanzia kesho asubuhi, hazijawahi kuanguka wala kukwanguliwa. Nitazipeleka stendi siku mtakayonijibu, kwa gharama yenu. Naomba jibu ndani ya siku 14. Tangu Jumatatu iliyopita nimemzuia binti yangu kupanda baiskeli kwenye lami, kwa hiyo anaamka saa kumi na moja na kwenda shule kwa miguu.

Wako mteja,

Fundi cherehani,
Ipuli, Tabora.