Kipupwe hiki tuleteeni hadithi ya mfululizo

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita uliwauliza watu wanasoma nini, wanatazama nini na wanavaa nini wakati huu wa baridi. Niliusoma wote, hadi maelezo ya picha. Nilikutana na makoti ya theluji, buti za manyoya, na vitabu ambavyo huwezi kuvisoma kama hujui Kiingereza. Sina ugomvi na anayevipenda. Lakini gazeti hili ni la Kiswahili, wasomaji wake tuko huku, na sisi pia tuna baridi yetu, vitabu vyetu na tamthilia zetu. Naomba nafasi niyajibu maswali hayo kwa upande wa huku, kisha nina ombi.

Kazi yangu ni kufuma masweta kwa mashine, mengi ya wanafunzi, kwa hiyo naanza na nguo.

Baridi ya Tanga ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti, masika yakishapita na kusi ikishika. Usiku joto hushuka mpaka nyuzi 20 hivi, na kwa sisi tuliotoka kwenye fukuto la Machi hiyo inatosha kutufanya tutafute shuka. Alfajiri utawaona wavuvi wakirudi na makoti yao mwilini, na kina mama wanaowahi sokoni wamejitanda mpaka masikioni. Lakini ikifika saa nne jua limekolea, na aliyetoka nyumbani na sweta zito hajui aliweke wapi. Ndiyo maana wateja wangu wa hapa mjini siwafumii mazito hata wakiomba. Nguo ya kipupwe cha pwani ni kisweta chepesi cha uzi wa pamba, kilicho wazi mbele, na doti ya khanga: upande mmoja kiunoni, wa pili mabegani. Jua likitoka, ule wa mabegani unakunjwa unaingia kapuni, na mambo yamekwisha. Wanaume wana kikoi cha kujifunika barazani jioni, nao hawajanilalamikia.

Lushoto ni habari nyingine. Basi linatoka Tanga madirisha wazi, linapita Muheza na Korogwe, likifika Mombo linaiacha barabara kuu na kuanza kuzipanda kona za kuelekea Soni. Hapo madirisha yanafungwa moja baada ya jingine, na abiria aliyekuja na shati la mikono mifupi anaanza kukunja mikono kifuani. Mji ule uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtoto anayekwenda shule kule asubuhi ya Julai anahitaji sufu, na sufu ya kweli.

Sweta la sufu silinunui kwa macho. Nikifika kwenye mitumba pale Tangamano, nachomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani na kuuwasha kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake huzimika wenyewe, na majivu husagika kati ya vidole. Uzi wa akriliki huyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Muuzaji aliyenizoea siku hizi ananikabidhi kiberiti mwenyewe kabla sijaomba.

Nikilipata la kweli, hata kama limetoboka kiwiko, nalichukua na kulifumua. Nakata kwanza uzi wa mishono ya ubavuni na mabegani, taratibu, nisije nikakata na kitambaa chenyewe. Kisha natafuta ncha shingoni, kwa sababu sweta lililofumwa kuanzia chini hufumuka kuanzia juu. Uzi hutoka umejikunjakunja. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, naufunga sehemu nne usivurugike, nauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, halafu nauning'iniza na chupa ya maji chini yake mpaka unyooke. Maji ya moto hayafai kabisa. Sufu ikipigwa na maji ya moto husinyaa na kushikana, na hapo haifumuki tena, labda uifanye kishikio cha sufuria. Sweta moja la mtu mzima wa Ulaya hunipa mawili ya watoto wa darasa la kwanza, na yana joto kuliko jipya la dukani. Natamani siku moja gazeti lipige picha nguo za namna hii, liwavalishe watu wa Lushoto, Njombe au Makete wanaoijua baridi, lieleze zinashonwaje na zinapatikana wapi.

Mashine inataka mikono na macho, lakini masikio yako huru. Kwa sababu hiyo vitabu nasomewa. Binti wa kaka yangu anaishi nami. Jioni anakaa kwenye mkeka mimi nikiwa mashineni, naye anasoma kwa sauti.

Kitabu kilichonishika kuliko vyote ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, huku tuliona fahari kubwa kwa mtoto wa Zanzibar, lakini wengi wetu tulikuwa hatujasoma hata ukurasa wake mmoja, kwa kuwa ameandika kwa Kiingereza. Mwaka 2022 ikatoka tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na mlango ukafunguka. Kinamhusu Yusuf, kijana wa miaka kumi na miwili anayeondolewa kwao akafuatane na tajiri Aziz, mtu aliyezoea kumwona kama ndugu wa familia. Anafikishwa pwani, anawekwa dukani, na baadaye anaingia bara na msafara wa biashara, miaka ile kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Pale Khalil, kijana anayefanya naye kazi dukani, anapomweleza kwamba yule tajiri si ndugu yake, na kwamba yuko pale dukani kwa sababu baba yake anadaiwa, nilisimamisha mashine. Binti akaniuliza, "Shangazi, niendelee?" Nikamwambia arudie. Watu wa kitabu kile wanapika, wanasali, wanataniana na kudaiana kama watu ninaowajua, na kuyasikia hayo kwa lugha yangu, kwa sauti ya mtoto wa kwetu, ni jambo ambalo nimelisubiri muda mrefu bila kujua kwamba nalisubiri. Mwisho siusemi. Kisomeni.

Baada ya hapo tulirudi nyumbani kabisa, kwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Tulisoma wasifu aliouandika wa Siti binti Saad. Huyu ni mwanamke wa shamba aliyekuwa akiuza vyungu, akapanda mpaka kusafirishwa Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Kusema kweli, Shaaban Robert husimamisha habari mara kwa mara ili atoe nasaha, na binti alikuwa akitamani kuzivuka kurasa hizo. Mimi sikumruhusu. Ukiwa mtu wa kazi ya mikono, kusoma habari ya mwanamke aliyeanzia kwenye udongo wa kufinyanga na kuheshimiwa pwani nzima ni chakula.

Kuhusu runinga sitakuwa na mengi. Jua Kali naitazama, na naipenda inapokaa sebuleni na kuwaacha watu wagombane kwa maneno. Siri ya Mtungi iliyopigwa Bagamoyo na kutoka mwaka 2012 bado sijaona ya kuishinda kwa kuonyesha mji wa pwani ulivyo: vichochoro, na studio ya yule mpiga picha kijana, Cheche. Tamthilia za Kituruki zinazowekewa sauti za Kiswahili zimewateka majirani zangu wote, na nina neno la shukrani kwa wanaotia sauti hizo. Ni wasanii wa kweli. Wanalia, wanafoka, wanabembeleza kwa Kiswahili kilichonyooka, na majina yao ni nadra kuandikwa popote. Gazeti lingewatafuta na kuwahoji. Shida yangu na tamthilia hizo ni makoti tu. Mabinti wananiletea picha kwenye simu, "Mama, nifumie kama la huyu," nami inanibidi nieleze kwamba yule anatembea kwenye theluji ya Istanbul na wewe unakwenda chuo hapa Tanga saa saba mchana. Tunakubaliana kuchukua kola ile, na uzi wa pamba.

Ombi langu limetokana na usiku mmoja wa majirani hao hao. Wanakuja kutazama kwangu, wengine na viti vyao. Umeme ukakatika katikati ya tamthilia, pale pale ambapo siri ilikuwa inakaribia kutoka. Watu wakalalamika, wakatafuta viatu gizani. Binti akawasha tochi ya simu, akaniambia, "Shangazi, niwasomee Bwana Msa?" Akachukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kitabu cha mpelelezi huyo kilichotolewa mwaka 1960, akaanza mwanzo kabisa. Kwanza walisikiliza kwa heshima tu. Baadaye nikaona hakuna aliyesimama. Bwana Msa na kiko chake, anavyomuuliza mtu swali dogo lisilo na maana kumbe ndilo lenyewe, aliwakalisha mpaka tochi ikaanza kufifia. Umeme uliporudi, mmoja akasema tumalizie kwanza sura hii.

Kesho yake bibi wa nyumba ya pili, ambaye hajui kusoma, alifika mapema kabla ya wengine wote. Hakuuliza habari za tamthilia. Alikaa, akapanga khanga yake magotini, akamwambia binti: "Haya mwanangu, tuliishia wapi?"

Ndugu Mhariri, tamthilia zimewafundisha watu wetu kusubiri kesho. Kiu ya kujua kitakachofuata wanayo tayari. Kinachokosekana ni kitabu kuwafikia. Maduka ya vitabu ya hapa mjini yana vitabu vya shule. Ukiulizia riwaya unaonyeshwa zile za mitihani ya kidato cha nne. Maktaba ya mkoa ninaithamini sana, ndiko binti anakoazima, lakini mama anayekaanga mihogo mchana kutwa hapati saa ya kwenda. Gazeti lenu linafika. Linafika kwenye kibanda cha stendi, linafika saluni, linafika kwa fundi baiskeli, na likishasomwa linapewa mwingine.

Basi rudisheni hadithi ya mfululizo, sehemu moja kila Jumamosi, angalau kwa msimu huu wa kipupwe. Si jambo geni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilijenga wasomaji na waandishi wa Kiswahili kwa kuwapa nafasi kama hizi. Wengi wetu tunakumbuka pia namna hadithi za Eric Shigongo zilivyokuwa zikisubiriwa wiki kwa wiki gazetini, na muuza magazeti aliyechelewa alivyokuwa akisemwa.

Kazi za kuchapa zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inatoa washindi wapya wa riwaya, na nani huku mtaani amewasoma? Waombeni waandishi ruhusa, na walipeni, hata kama ni kidogo, kwa sababu anayeandika naye anakula. Jina la mwandishi liwe kubwa, na kama ni tafsiri, jina la mfasiri likae pembeni yake. Chini ya kila sehemu andikeni kitabu kamili kinapatikana wapi na kwa bei gani. Kila sehemu muikate mahali penye kuuma, si katikati ya sentensi ili kujaza ukurasa. Na herufi zisiwe ndogo mno, maana wengi tutakuwa tunasoma kwa tochi.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, nayo inaangukia katikati ya kipupwe. Napendekeza sehemu ya kwanza itoke Jumamosi iliyo karibu na siku hiyo. Muuza magazeti wetu hapa Ngamiani nimeshamwambia, amesema yuko tayari kuongeza nakala, ila anataka kujua mapema ni ngapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfumaji wa masweta,
Ngamiani, Tanga